Ukienda Pwani, usiishie mchangani

Likizo ya Agosti au ya Desemba inapokaribia, wazazi wengi wa mijini huanza kuhesabu pesa, kwani watoto wanataka Mombasa. Tangu treni ya reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, familia hupanda asubuhi Nairobi na mchana huohuo ikawa imeshuka Miritini. Siku tatu au nne hupita upesi: kuogelea, kupanda ngamia ufuoni, kunywa madafu, kununua achari na kupiga picha chini ya zile pembe kubwa za Barabara ya Moi. Kisha huyoo, safari ya kurudi.

Hebu, msomaji, mkalishe mwanao baada ya safari kama hiyo umwulize maswali mawili. Waliojenga miji ya mawe ya Pwani walikuwa kina nani? Na wajukuu wao wako wapi leo? Ukibahatika, atakwambia kuwa Wareno walijenga Ngome ya Yesu. Zaidi ya hapo ni kimya. Wala mtoto hana kosa, kwa maana hakuna aliyemweleza. Mchanga hausemi.

Leo nataka tusafiri pamoja kutoka Mombasa hadi Lamu, tukipitia Gede na Malindi. Ni safari unayoweza kuifanya kwa wiki moja, au kuigawa ukafanya kituo kimoja kila likizo. Ninalokusihi tangu mapema ni hili: ukibana matumizi, bana kwingine kote, lakini usikose shilingi za kumlipa kiongozi wa watalii ambaye ni mwenyeji wa mahali hapo na anayeijua kazi yake. Sababu utaiona tukiendelea.

Mombasa: Wasiotajwa ngomeni

Tuanze Ngome ya Yesu, inayojulikana na wengi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakamaliza mwaka 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia kama jela, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Hayo utayapata katika kijitabu chochote cha watalii. Kiongozi mzuri atakusogeza hatua moja mbele. Atakusimamisha ukutani, akuonyeshe bahari, akueleze habari za mwezi wa Machi mwaka 1696, majeshi ya Oman yalipoizingira ngome hii. Mzingiro huo uliendelea hadi Desemba 1698, yaani karibu miezi 33. Maradhi na njaa viliwafyeka watu waliojifungia ndani. Kufikia Agosti 1697 kapteni wa Kireno alikuwa amekufa. Je, ngome ilishikiliwa na nani hadi meli za msaada zilipofika Septemba? Kumbukumbu za vita hivyo zinamtaja Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50.

Tafadhali isome tena hesabu hiyo. Ngome tunayoiita ya Wareno ilikingwa kwa wiki kadhaa na Mswahili kutoka kisiwa cha Pate na wanawake hamsini ambao majina yao hatukupewa. Wakati huohuo Waswahili wengine, waliochoshwa na utawala wa Wareno, walikuwa nje pamoja na Waomani. Ukimsimulia hivyo mtoto, ataelewa kuwa watu wa Pwani hawakukaa tu kando wakitazama wageni wakipigana. Walikuwa na siasa zao, marafiki wao na maadui wao.

Ukitoka ngomeni, usikimbilie matatu. Mji wa Kale uko papo hapo. Tembea kwa miguu ukitazama milango ya nakshi na roshani za mbao, upite Msikiti wa Mandhry ambao historia yake yarudi nyuma hadi mwaka 1570, kisha uteremke hadi bandari ya zamani ya majahazi. Pumzika kwa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha halua. Watoto wakichoka, wachezeshe mchezo wa maneno: meza, bendera, leso, mvinyo na karata ni maneno tuliyoyachukua kwa Wareno. Watu waliotawala hapa karibu miaka mia moja wametuachia ngome moja na maneno machache ya nyumbani. Lugha iliyoyameza maneno hayo ndiyo tunayoizungumza leo.

Gede: Mji ulionyamaza msituni

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni mwendo wa kama kilomita 120. Njiani, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Mtwapa, kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ulio ufuoni kabisa. Kilifi nako, kabla tu ya kuvuka daraja lililofunguliwa mwaka 1991 na kumaliza enzi ya feri, kuna magofu ya Mnarani. Kama una muda, shuka. Kama huna, okoa nguvu zako kwa ajili ya Gede.

Gede iko kama kilomita 16 kabla ya kufika Malindi, karibu na Watamu. Ni mji mzima ulio ndani ya msitu, wenye eneo la ekari 45 hivi, uliozungukwa na kuta. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka wa 802 wa Hijria, ambao ni sawa na 1399. Mji ulistawi zaidi katika karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ukaachwa. Mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, alianza kuuchimbua mwaka 1948, na Julai 2024 UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa dunia.

Watoto hupapenda hapa, si kwa sababu ya kima wanaorukaruka juu ya kuta peke yake, bali kwa sababu ya majina ya nyumba. Nyumba nyingi ziliitwa kwa kitu kilichookotwa ndani yake wakati wa kuchimba. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, na Nyumba ya Pesa za Kichina. Mwache mtoto aingie kila moja, kisha afikirie: mkasi huu ulikuwa wa nani? Pesa za China zilifikaje hapa? Somo la biashara ya Bahari ya Hindi, ambalo darasani humfanya asinzie, hapa litamfungua macho.

Mwombe kiongozi akuonyeshe pia vyoo na mahali pa kunawia. Usicheke. Mwenye nyumba wa Gede alikuwa na choo ndani ya nyumba yake na kisima karibu, wakati ambapo watu wengi wa miji mikubwa ya Ulaya hawakuwa na hali hiyo. Kisha msimame kando ya kisima kirefu kilicho karibu na Msikiti Mkuu. Kuzama kwa maji ya visima ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji huu, pamoja na vita na kuhama kwa biashara. Mji wenye mawe mazuri na vyombo vya China huweza kushindwa na kiu. Sisi wa mijini, ambao mifereji yetu hukauka wiki nzima, tuna la kujifunza hapo.

Na kuna jambo moja la ajabu. Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia moja, kilomita chache tu kutoka hapa, lakini maandishi yao hayautaji mji huu. Kama tungetegemea vitabu vya wageni pekee, Gede isingekuwako. Wenyeji wa vijiji vya jirani ndio waliojua siku zote kuwa upo, wakapaheshimu kama mahali pa mizimu.

Malindi: Mwongozaji asiye na mnara

Malindi wengi huenda kuutazama Mnara wa Vasco da Gama, ule msalaba ulio juu ya nguzo nyeupe ufuoni. Mreno huyo alifika hapa Aprili 1498. Mombasa alikuwa amepokewa kwa uhasama, lakini Sultani wa Malindi, aliyekuwa mpinzani wa Mombasa, alimpokea vizuri. Alimpa kitu kilichozidi dhahabu kwa thamani, yaani mtu wa kumwonyesha njia ya kwenda Bara Hindi.

Mtu huyo alikuwa nani? Kwa muda mrefu vitabu vilimtaja baharia mashuhuri wa Kiarabu, Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wengi siku hizi hawalikubali hilo. Baadhi ya Wareno waliandika kuwa alikuwa mtu wa Gujarat, na jina walilomwita lilianza kwa neno ambalo wewe na mimi twalijua: mwalimu. Ndivyo walivyoitwa wajuzi wa njia za baharini. Mwalimu huyo aliujua upepo wa kusi, uvumao kuelekea Bara Hindi, na aliwavusha Wareno bahari kuu kwa chini ya mwezi mmoja. Wakati wa kurudi, Vasco da Gama aliondoka kabla kaskazi haijatulia. Akahangaika baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye.

Bahari ni ileile na vyombo ni vilevile, ila safari ya kwanza ilikuwa na mjuzi wa pepo na ya pili haikumsikiliza mjuzi yeyote. Lakini mnara uliopo una jina la aliyeongozwa, na aliyemwongoza hana hata jiwe. Ukifika pale, mweleze mwanao habari hiyo kabla hajapiga picha. Mwambie pia kuwa mwaka 1415, miaka zaidi ya themanini kabla ya Mreno huyo kuzaliwa kwa historia ya Pwani, wajumbe wa Malindi walimpelekea Mfalme wa China twiga. Malindi haikugunduliwa na mtu. Ilikuwa ikitembelewa na kutembea.

Lamu: Historia inayokaa baraza

Sasa tushike njia ya kaskazini. Kwa barabara, unapitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha unavuka kwa boti. Barabara hiyo imetiwa lami, lakini ni busara kuuliza hali ya usalama kabla ya kuondoka na kusafiri mchana. Wenye uwezo huenda kwa ndege hadi uwanja ulio kisiwa cha Manda, nao pia humalizia kwa boti. Kwa vyovyote vile, Lamu huingiwa kwa maji.

Gede ni mji uliokufa. Lamu ni dada yake aliye hai. Watu wameishi hapa mfululizo kwa zaidi ya miaka 700, na mwaka 2001 UNESCO iliuorodhesha mji huu kuwa urithi wa dunia. Vichochoro ni vya watu na punda. Ngome yake ilianza kujengwa kama mwaka 1813 na kumalizika 1821. Nayo pia ilikuwa jela, hadi mwaka 1984, kabla ya kugeuzwa kuwa mahali pa maonyesho na mikutano ya watu.

Usiridhike na kuta za nje. Mwombe kiongozi akupeleke kwenye nyumba ya zamani iliyo wazi kwa wageni. Utaona daka, mahali mgeni alipoketi bila kuisumbua faragha ya jamaa. Utaona misana, kumbi ndefu nyembamba zinazofuatana kuelekea vyumba vya ndani. Utaona zidaka, vile vishimo vya mapambo ukutani vilivyowekwa vyombo vya thamani. Hapo ndipo mtoto atakapokumbuka Gede na kusema, "Baba, nyumba hii ni kama zile za msituni!" Akisema hivyo, nauli yako imerudi yote. Maana ameona mwenyewe kuwa waliojenga Gede hawakutokomea. Mafundi wa chokaa na nakshi, na mama apikaye mkate wa mofa, ni watu wa ustaarabu uleule.

Siku moja itoe kwa kisiwa cha Manda, kwenye magofu ya Takwa. Boti hupita katikati ya mikoko, na hupita vizuri maji yakijaa tu. Nahodha asiyejua saa za maji atakukwamisha kwenye tope. Kuna kaburi la nguzo lenye tarehe inayolingana na mwaka 1681 au 1682, na watu wa Shela, ambao wazee wao walihama kutoka Takwa, bado huvuka kwenda kuomba mvua hapo. Je, hayo ni magofu, au ni makaburi ya babu zao? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuamulia sauti ya kuongea ukiwa pale.

Swali la kumwuliza kiongozi

Nimesema tangu mwanzo kuwa kiongozi ndiye nguzo ya safari hii. Lakini viongozi hawako sawa. Wapo waliosomea kazi yao, na wapo wa kubahatisha wanaokukamata mkono mara ushukapo garini. Njia ya kuwatenganisha ni kuuliza swali moja: "Miji hii ilijengwa na nani?"

Akikujibu kwa mkato kuwa ilijengwa na Waarabu na Waajemi, basi, mshukuru na utafute mwingine. Hadithi hiyo ilienea sana enzi za ukoloni, ambapo ilionekana haiwezekani Mwafrika ajenge kwa jiwe. Uchimbaji uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, umeonyesha jambo jingine. Chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti mingine midogo iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ya mwanzo kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Mji ulikua hapo hapo, kutoka nyumba za miti na udongo hadi nyumba za mawe ya matumbawe. Haukuletwa na jahazi ukiwa tayari.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa jeni za watu 80 wa zamani, wengi wao wakiwa wa miji ya Pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Waligundua kuwa sehemu kubwa ya asili ya watu hao, hasa kwa upande wa mama, ilikuwa ya Kiafrika, na kwamba kuanzia kama mwaka 1000 walichanganyika na wageni kutoka Asia, hasa Uajemi, wengi wao wakiwa wanaume. Kwa hiyo wazee waliodai kuwa na babu wa ng'ambo hawakusema uongo, na lugha ya Kiswahili, ambayo ni ya Kibantu, nayo haikusema uongo. Kiongozi anayeweza kukueleza pande zote mbili bila kumdharau yeyote, huyo mlipe vizuri.

Jambo hili si la kujionyesha elimu. Mtoto wa Mombasa au Lamu akiambiwa kila siku kuwa miji yake ni kazi ya wageni, atajiona mgeni kwao. Mtoto wa Nairobi, Nakuru au Kisumu naye ataiona kuwa haimhusu. Na kitu kisichokuhusu hukililii kikibomoka. Kuta hizi ni za matumbawe na chokaa. Chumvi, mvua na mizizi huzila kila mwaka, na nyumba za kale zikipata tajiri asiyejali, hufa upesi zaidi. Zitakazosalia ni zile zenye watu wa kuuliza habari zake.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kiongozi awe na kitambulisho cha kazi, na mwelewane bei na muda kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Katika vituo vya makumbusho, wananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa kutoka nje, na watoto hulipa kidogo zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho chako.

Pili, vaeni nguo za heshima mkiingia mitaani. Nguo za kuogelea ni za baharini. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na msiingie msikitini bila kukaribishwa.

Tatu, kigae cha chungu au kipande cha jiwe ukikiona, kiache palepale. Kikiwa pale ni ushahidi. Kikiwa kabatini kwako ni takataka.

Nne, kwa wanafunzi: nendeni na daftari. Kila mmoja aandike maswali matatu kabla ya safari na ahakikishe amerudi na majibu. Kuuliza si ujinga.

Familia isiyoweza kufika Lamu mwaka huu isife moyo. Hata saa mbili ngomeni na Mji wa Kale, ukiwa na mtu wa kukueleza, zitamfaa mwanao kuliko siku nne za mchanga mtupu. Bahari haikimbii, ogeleeni jioni. Chombo hakiendi ila kwa nahodha. Likizo ijayo, mtafute nahodha wako mapema.

Safari njema.